Toroldi Wawili, Saidi Wawili

Nyie mnaochora kwa kompyuta mna raha moja ambayo mimi siionei wivu. Mkikosea mnabonyeza kidude, kosa limekwenda, wala hapana atakayejua kuwa lilikuwapo. Sisi tulifuta kwa wembe. Nimestaafu, magoti yamenigomea, lakini vidole hivi bado vinaukumbuka wembe ule, na leo nataka nikuhadithieni vipi niliwafuta nao watu wawili na vipi nilihangaika kuwarudisha. Mwenye simu aizime, maana mimi sirejei maneno.

Mimi Zuwena. Nimezaliwa Unguja, nikaja Maskati bado msichana, na kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa mchoraji katika ofisi moja ya ramani pale Ruwi. Kazi ya ofisi ilikuwa nyumba, barabara na mifereji ya maji machafu. Lakini watu walipojua kuwa nna hati nzuri ya Kiarabu na ya Kizungu, wakaanza kuniletea nasaba zao niwachoree shajara, yaani mti wa ukoo: babu mkubwa chini kwenye shina, wajukuu juu kwenye matawi, kila mtu na jina lake. Miaka ya tisini nilichora nyingi mno. Jamaa zetu walikuwa bado wanarudi kutoka bara, huyu Bujumbura, huyu Kigoma, huyu Tabora, na kila mmoja alitakiwa aonyeshe yeye ni mtoto wa nani na wazee gani wanamjua. Mtu anakuja na kikaratasi cha babu yake kimeliwa na mchwa, na maisha yake yote yamo humo.

Tulichora kwa wino mweusi juu ya karatasi ngumu inayopitisha mwanga. Mteja anapewa nakala iliyochapwa kwa mashine, ile iliyokuwa ikinuka mpaka macho yanatoka machozi, na karatasi yenyewe inabaki kwetu kwenye mtoto wa meza. Ukikosea, unachukua wembe mpya, unaulaza, unakwangua wino kidogo kidogo mpaka utoke. Halafu unasugua pale kwa ukucha pawe laini, la sivyo wino mpya utatawanyika kama chai iliyomwagika kwenye kanzu. Kwangua kwa hasira, utatoboa karatasi na kazi ya wiki nzima imekwenda na maji.

Aliyenifundisha ni Maalim Hilali, mkubwa wa wachoraji, Mpemba mwembamba, mkali, hata akisinzia kitini kofia yake haiinami. Siku ya kwanza alinambia, "Bibi, wembe si raba ya skuli. Kabla hujakwangua kitu, niulize. Mimi kama sipo, muulize mwenye karatasi."

"Ndiyo, Maalim."

Haikupita wiki nikakwangua mlango wa nyumba ya mtu. Niliona milango miwili ya mbele, nikasema mwenzangu kachora mara mbili huyu, nikautoa mmoja. Kumbe mmoja ulikuwa wa wanaume na mmoja wa wanawake, kama nyumba nyingi za huku. Mwenye nyumba alikuja juu, ofisi nzima ikacheka, na mpaka ninastaafu kuna walioniita Bi Mlango Mmoja. Mngedhani nilijifunza.

Maalim alikuwa na somo jengine, na hili ndilo lililoniponza. Alituambia kuwa mtu anayenakili maandishi hukosea mahali maalumu, pale mstari unapokwisha. Jicho likitoka mwisho wa mstari kwenda mwanzo wa mstari wa pili, hupotea, na mkono ukaandika maneno yale yale mara ya pili. Ni kweli kabisa. Nimeona mara nyingi. Ubaya wa jambo la kweli ni kuwa unaweza kulibeba mpaka mahali ambapo si pake.

Basi Maalim kishastaafu, mkubwa wa wachoraji ni mimi, kichwa kimevimba, ndipo alipokuja Rahma. Msichana wa Tabora, mrefu, na mama yake nyuma, Bi Kalunde, Mnyamwezi, kajifunga kitenge juu ya buibui kwa ajili ya baridi ya mashine zetu za hewa. "Shikamoo shangazi," Rahma akanambia, na mkononi ana karatasi ya marehemu baba yake, aliyoinakili baba mwenyewe kutoka kwenye ukurasa wa msahafu wa babu. Walifikia kwa watu Mawaleh, karibu na soko la mboga. Nyumba yao ya Tabora walishaiuza. Kibali chao cha kukaa Oman kilikuwa kinakwisha baada ya Ramadhani, na ili wapate kubaki ilitakiwa wazee wa ukoo wao wa Qurayyat watie saini kuwa Rahma ni damu yao. Hapo hapana njia ya pili.

Karatasi ilisema hivi. Mstari wa kwanza: Rahma binti Humud bin Said bin Salim. Mstari wa pili: bin Said bin Salim bin Rashid.

Nikachora yote kama yalivyo. Nikarudi nyuma kuitazama kazi yangu, nikacheka peke yangu. Said bin Salim mwisho wa mstari, Said bin Salim mwanzo wa mstari. Nikasema, masikini Humud, jicho limempotea. Nikachukua wembe nikawakwangua wawili, nikasugua kwa ukucha, nikaunganisha matawi. Rahma na mama yake walikuwa wamekaa mita moja kutoka pale, wanakunywa chai yangu ya maziwa. Sikuwauliza. Mimi ndiye mjuzi, niulize nini? Na Rahma Kiarabu hasomi, akaichukua nakala yake kwa mikono miwili akanishukuru mpaka mlangoni.

Akarudi baada ya wiki tatu, macho mekundu. Walikwenda Qurayyat. Mzee Nasor, mkubwa wa ukoo, aliyewahi kukaa Pemba na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, aliisoma shajara akamwambia, "Said bin Salim bin Rashid namjua. Kaburi lake liko nyuma ya mitende yetu. Hajawahi kuvuka bahari hata siku moja, na alikufa kabla baba yako hajafikiriwa. Humud hakuwa mwanawe. Njia ya mwongo fupi, binti yangu." Wakapewa kahawa, wakatolewa.

Mnajua mimi nilimjibu nini mtoto wa watu? Nilimwambia, "Labda baba yako alikosea, mwanangu. Watu wa bara husahau." Nalisema hili wazi leo kwa sababu lingali linaniuma. Nilimtupia lawama marehemu asiyeweza kujitetea, na binti yake akaitikia kwa kichwa akaenda zake.

Sasa sikilizeni la Mzungu. Wiki ile ile nilikuwa nna kazi ya Bwana Alban, mhandisi wa maji, Mwingereza, karibu anarudi kwao kwa kheri. Mama yake alikuwa na miaka tisini na alikuwa anataka jambo moja tu, aone jina lake limechorwa kwenye mti mmoja na Toroldi. Toroldi ni nani? Ni babu yao wa zamani sana, bwana mwenye ngome huko Normandia, upande wa Ufaransa, katika wale waliovuka bahari wakaiteka Uingereza. Mjomba wa mama yake aliwahi kuiandika nasaba yote, na Bwana Alban aliniletea daftari la mjomba pamoja na tafsiri za hati za kanisa.

Mimi nikaanza kuchora kwa mazoea: Toroldi bin Osberni. Bwana Alban akauliza hii "bin" ni nini. Nikamwambia ni mtoto wa. Akafurahi, akasema iache, mama atapenda. Basi nikawa nao wote, Wanormani na ngao zao na farasi zao, bin fulani bin fulani, ungedhani Waarabu wa Nizwa.

Shida ilikuwa Toroldi mwenyewe. Kwenye hati moja, yeye ni mtu mzima, anawapa watawa kinu cha kusagia. Kwenye hati ya pili anawapa shamba, na baina ya hati hizi mbili ipo miaka themanini. Na baada ya hapo daftari la mjomba linasema alipanda farasi kwenda vitani.

"Bwana Alban," nikamwambia, "huyu alikwenda vitani ana miaka mia na ushei?"

"Mjomba anasema watu wa zama zile walikuwa na nguvu sana."

"Nguvu gani hizo? Mimi nna arubaini na tano na ngazi za ofisi zinanishinda."

Akacheka, lakini alichukia kidogo, maana shujaa wa mtu si wa kuchezewa. Nikazitandaza hati mbili mezani. Ya kinu ilisema Toroldi ametoa sadaka kwa ajili ya roho ya mama yake, Emma. Ya shamba ilisema Toroldi ametoa sadaka kwa ajili ya roho ya mama yake, Hawisa. Mjomba aliandika pembeni kuwa Hawisa labda mama wa kambo. Nikatikisa kichwa. Mtu ana baba mmoja na mama mmoja, na kwenye sadaka ya roho hapana anayemtaja mama wa kambo akamwacha aliyemzaa.

"Hawa ni wawili," nikamwambia. "Toroldi bin Osberni bin Toroldi bin Osberni. Wazee wako walikuwa kama sisi. Mtoto wa kwanza anapewa jina la babu yake, na wa huyo vivyo hivyo, majina yanakwenda yanarudi. Mjomba wako kaona majina yamejirudia, akadhani ni kosa la mwandishi, akawakata watu wawili katikati."

Bwana Alban akauliza, "Mtu mwenye akili yake anaweza kufanya kosa kama hilo?"

Nilitaka kujibu. Niliiweka kalamu, nikaenda kwenye mtoto wa meza, nikaitoa karatasi ya Rahma, nikaiinua kwenye dirisha. Jua la Ruwi halina huruma. Pale nilipokwangua palikuwa peupe na pana mikwaruzo, na ndani ya mikwaruzo, hafifu lakini unasoma, Said, na chini yake Salim.

Nikakaa. Bwana Alban akanletea maji akidhani nimepatwa na kisukari.

Hapa nakwambieni kweli tupu, kwa sababu msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Nilifikiri kuichora upya, niwaandike wale wawili, nichape nakala nyengine, nimwambie Rahma haya nenda tena. Lakini wazee wangesema, kumbe! Tumemkatalia, sasa ameongeza watu ili hesabu ikae sawa. Kitu pekee cha kuonyesha kuwa yale majina yalikuwapo tangu mwanzo ni kovu la wembe wangu. Na kulionyesha kovu ni kusema aliyekata ni nani. Baada ya hapo nani atanletea shajara yake? Nililitafuta jibu usiku kucha sikulipata, na asubuhi nikaona halina haja. Mficha uchi hazai. Nikaenda Mawaleh.

Rahma alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema taratibu, "Shangazi, ulisema baba alikosea."

"Nilisema. Aliyekosea ni mimi. Nitakwenda kuyasema mbele yao."

Bi Kalunde alikuwa anachambua mchicha. Akauweka kando, akajifuta mikono. "Twende kwanza," akasema. "Ugomvi tutaufanya njiani."

Tukaenda Alkhamisi, mimi naendesha, njia ya milimani ya zamani ile, kona juu ya kona, Bi Kalunde nyuma anasoma kila dua aliyofundishwa. Ugomvi aliuahidi na aliufanya. Alinisema kuanzia mlima wa kwanza mpaka tulipoiona mitende ya Qurayyat, nami nikasema ndiyo, ndiyo, una haki.

Mzee Nasor alitupokea kwa adabu, tende na kahawa, lakini uso haukufunguka. Nilipotikisa kikombe kuwa basi nimetosheka, nikamweleza yote. Sikujitetea. Nikaikunjua karatasi, nikamwomba aitoe nje juani. Akaiinua, akaitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akapitisha kidole pale penye mikwaruzo.

"Nayaona," akasema. "Na wewe, binti, umefanya jambo baya."

"Nimefanya."

"Lakini majina hayanipi mtu. Unasema Said wetu alikuwa na mtoto anaitwa Salim, akaenda Tabora. Said alikuwa na watoto watatu wa kiume. Mimi ni mjukuu wa mmoja wao. Hapana Salim."

Ningekuwa ni yule Zuwena wa mwezi uliopita ningeaga. Lakini nilikuwa nishakaa na Emma na Hawisa. Nikamuuliza, "Hao watatu, mama yao nani?"

"Mama wana nini na nasaba?"

"Niwie radhi, mzee wangu. Mama yao nani?"

"Mama yao mmoja, bibi yetu Shamsa."

"Na kabla ya Shamsa, Said alioa?"

Hakuwa anajua. Miaka yote anaisoma nasaba kwa moyo, baba kwa baba mpaka kwa Rashid na kupita, na hajawahi kuulizwa hilo. Nikaomba ruhusa niingie ndani kwa wanawake.

Ndani alikuwamo dada mkubwa wa mzee, Bi Moza, macho yameshafifia, hajatoka Qurayyat maisha yake. Nilimuuliza kwa Kiarabu, na jibu lake nakupeni kwa Kiswahili. Alisema, "Zayana. Kabla ya Shamsa alikuwa Zayana. Said alimwacha, na mwanawe akaona uchungu, akasafiri akiwa kijana kwenda bara ya Afrika. Mama yangu alinihadithia. Ilikuja barua moja tu: nimepata mtoto wa kiume, nimempa jina la baba, ingawa kanikosea. Zayana akapanda mtende siku ile."

Mzee Nasor alikuwa kasimama mlangoni. "Mtende upi?"

"Huo mnaouita Mtende wa Salim," akasema Bi Moza. "Nyie wanaume mkidhani Salim gani?"

Walidhani ni Salim bin Rashid, babu mkubwa. Mtende ule tende zake haziuzwi, hugaiwa masikini kila mwaka, na hapana aliyewahi kuuliza kwa nini. Mzee Nasor aliegemea mlango. Kisha akamtazama Rahma, akamwambia kwa Kiswahili kile kizuri, "Karibu nyumbani, mwanangu. Baba yako alisema kweli." Rahma akalia kwa sauti, nami nikalia, na hapana aliyetukataza.

Mzee alitia saini yeye na wazee wawili wengine. Kibali kilipatikana na baadaye na pasi, na Rahma sasa ana wajukuu hapa hapa. Bwana Alban alichorewa Toroldi wawili. Mwanzo alinuna kwa kumpoteza shujaa wake wa miaka mia, halafu akaniandikia kutoka kwao kuwa mama yake alimsoma Emma, akamsoma Hawisa, akauliza kwa nini mjomba hakuwahi kumwambia habari zao. Na shajara sikupungukiwa. Waliniletea zaidi, wakijua kuwa mwanamke huyu atakuulizeni mama zenu wote mpaka mchoke. Wengine walikasirika. Niliuliza vivyo hivyo, mpaka siku ya mwisho ya kazi, na nyie mkiichora ya mtu muulizeni.

Lakini siku ile haikuishia kwenye saini. Nilikuwa nimechukua kalamu zangu, nikakaa chini barazani kwa Mzee Nasor kuwarudisha Said na Salim mahali pao. Pembeni ya Salim nikaandika kwa kalamu nyembamba, mama yake Zayana. Mzee alikohoa. Nilipofika juu kwa Rahma, Bi Kalunde akasogea, akachutama karibu yangu.

"Dada," akaniuliza, "na mimi nimo?"

Mzee Nasor akasema kwa upole, "Mama yetu, shajara ni ya mababa."

Sikumtazama. Nikasema, "Mzee wangu, mimi nimekata watu wawili kwa kujiona najua. Leo sikati mtu." Nikaandika, herufi kwa herufi, Kalunde. Ndani Bi Moza akauliza kuna nini, akaambiwa, akacheka.

Bi Kalunde hajui kusoma. Akauliza ni lipi, nikamwonyesha, akaweka kidole karibu bila kuligusa, maana wino ulikuwa bado mbichi.

"Na wembe je?" akasema. "Kesho mtu akija na wembe wake, ananiondoa?"

"Anaweza," nikamjibu. "Lakini atakayeiinua karatasi hii juani atajua kuwa ulikuwapo."

Halafu akainama, akalipulizia jina lake taratibu, mpaka likakauka.